Perege wa Kisima cha Kaka

Siku ya kuchagua mahali pa kutundika kizimba cha juu, Daktari wa Samaki hakuumiza kichwa. Cha chini kilikuwa na mahali pake, mita mia baada ya bomba la kiwanda cha ngozi, pale maji yanaponuka hata mwenye mafua akajua. Cha juu kilitakiwa kukaa kwenye maji safi, ili samaki wake wawe kipimo cha wenzao wa chini. Naye maji safi aliyajua yapi? Yale aliyooga utotoni, nyuma ya ua wa kaka yake. Akakifunga kizimba kwenye mzizi, akajifuta mikono, akaenda zake. Jamani, nani anakwenda kutafuta uchafu kwao?

Hilo jina la Daktari wa Samaki ni utani wa huyo huyo kaka. Yeye hasa alikuwa fundi wa maabara ya maji, na kazi yake, ukiondoa maneno marefu ya kwenye ripoti, ni hii: unamfungia samaki mzima kizimbani, unamwacha mtoni wiki sita, kisha unamtoa na kumsoma. Matamvua anayopumulia yakiwa mekundu na safi, maji ni salama. Yakivimba na kujaa ute, kuna jambo. Chombo cha kupimia kinakuambia maji yalivyo saa ile ulipoyachota. Samaki anakuambia yalivyokuwa siku zote ambazo hukuwapo. Hana pa kukimbilia. Kila kilichopita mtoni kimepita ndani yake.

Wiki sita zikaisha, akavitoa vizimba vyote viwili. Wa chini walikuwa hoi, kama alivyotarajia. Wa juu ndio waliomkausha mate. Mikia yao ilikuwa myeusi kuanzia katikati, na watatu walikuwa wamepinda uti wa mgongo. Dawa za ngozi hazifanyi hivyo. Aliwahi kuona picha kama hiyo kitabuni akiwa chuo, na chini yake palikuwa na neno moja: risasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Risasi, yale madini mazito ya kwenye betri, pale mtoni ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

Kaka yake alikuwa akinunua betri chakavu za magari, akizipasua uani, akimwaga tindikali yake kwenye mfereji wa kwenda mtoni, kisha akiyeyusha kwenye tanuri risasi iliyomo na kumimina vipande vya kuzamishia nyavu. Wavuvi wa mto mzima walikuwa wateja wake. Kwa kazi hiyo alimlea mdogo wake tangu wazazi walipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na huyu dada mtu miaka saba. Kwa kazi hiyo akamsomesha mpaka akavaa koti jeupe. Kila mvuvi aliyeingia uani alisimuliwa, apende asipende, kwamba nyinyi mnawaua samaki, mdogo wangu anawatibu. Sasa niambie wewe, mtu wa namna hiyo unamwandika wapi kwenye ripoti?

Mkuu wa maabara alimrahisishia mambo, na hilo ndilo lililomuumiza. Alizitazama picha, akajikuna kidevu, akasema wao wametumwa kuchunguza kiwanda, hawakutumwa kuchungulia nyua za watu. Kizimba kipandishwe juu zaidi, kazi ianze upya, hao wa zamani wasahauliwe. Daktari wa Samaki akaitikia ndiyo mkuu, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alipofika mlangoni aibu ikamshika. Akarudi kabatini, akachukua fomu moja ya kutolea taarifa ya chanzo kipya cha uchafu, akaikunja na kuitia mkobani. Ikakaa humo, tupu.

Maana nyumba ya kaka ilikuwa nyumba yake pia. Chumba chake kilikuwa cha tatu kutoka kwenye tanuri, dirisha likitazama rundo la betri. Akilifungua, moshi, akilifunga, joto. Kisima kilikuwa hatua ishirini kutoka mfereji, na ndicho kilichowapikia, kilichowafulia na kumnywesha Chiriku, kitinda mimba wa kaka yake, msichana wa miaka mitano aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema. Mwaka uliopita Chiriku alihesabu mpaka ishirini kwa mbwembwe, na usipompigia makofi anakununia. Siku hizi alifika nne akapotea, akaanza tena, akapotea. Tumbo lilimsokota, chakula hataki. Wifi, yaani mama yake, alisema ni minyoo, akampa dawa ya minyoo kwa mara ya tatu. Shangazi mtu akasikiliza, akashika kikombe cha maji ya kumezea dawa.

Jioni moja akajikaza kisabuni, akamwambia kaka yake yote: mikia, migongo, mfereji, kisima. Kaka mtu hakukasirika hata kidogo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema kisima kile kilichimbwa na baba yao kwa mikono yake, na yeye amekinywa tangu azaliwe, hebu tazama kifua hicho. Halafu akaacha kucheka.

"Walete hao samaki wako hapa," alisema. "Watie kwenye beseni, maji ya kisimani. Wakifa, nafunga tanuri. Wakiishi, hutanitajia tena habari hii."

Kesho yake akaleta perege sita kutoka bwawa la maabara. Samaki yeyote anayetoka kwenye bwawa lile hukatwa kwanza ncha ya pezi la tumboni, upande wa kushoto, asije akachanganywa na wengine. Ni mazoea ya kazi, mkono unafanya wenyewe, na wala hakukumbuka kumweleza kaka yake. Akawatia kwenye beseni kubwa kivulini, akalifunika kwa wavu, akaonyesha namna ya kubadilisha maji. Kaka mtu akatangaza kwamba beseni hilo halimhusu mtu mwingine yeyote humo ndani, na atakayeligusa atamtambua.

Siku ile ile mkuu akamtuma juu ya mto kutundika kizimba kipya. Siku kumi na moja alikaa huko, mwili mtoni, roho kwenye beseni. Alijikuta akiomba samaki wafe, kisha akajilaani, maana wakifa ndugu yake atakula nini? Akaomba waishi, akajilaani zaidi. Kila alikogeuka palikuwa ukuta. Usingizi ulimpata kwa mafungu, na kila fungu alimwota Chiriku akihesabu.

Aliporudi, kaka yake alikuwa mlangoni, amevaa shati safi. Akamshika mkono mpaka kwenye beseni, akaondoa wavu. Perege sita, wanene, wepesi, wakizunguka kama wako kwao.

"Haya, Daktari. Pima."

Mungu anajua alivyotaka kuamini. Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga, akacheka, akamwita wifi yake aje aone. Huku anacheka, mkono ukaingia majini wenyewe, ukamkamata mmoja na kumgeuza tumbo juu. Pezi la kushoto lilikuwa zima. Akamrudisha, akashika wa pili, wa tatu. Kicheko kikamwishia mdomoni. Wote sita walikuwa na mapezi mazima mpaka ncha. Pezi lililokatwa huota, ndiyo, lakini si kwa siku kumi na moja.

Wifi alifika, akaziona sura zao, akabaki amesimama na mwiko mkononi. Nyuma yake akaja Chiriku, akachuchumaa kando ya beseni.

"Kaka, hawa si samaki wangu," alisema Daktari wa Samaki.

Kaka mtu alikuwa ameshika kipande cha risasi, akikigeuzageuza kiganjani. Hakuuliza amejuaje.

"Wa kwanza alikufa siku ya tatu," alisema. "Nikasema alikuwa dhaifu tu. Wa mwisho amekufa juzi. Nimewafukia nyuma ya tanuri."

Baada ya hapo maneno yakamtoka bila breki. Kwamba alikwenda kununua hawa kwa mvuvi, mteja wake mwenyewe, na njiani alijiona mwizi. Kwamba mikono hii haijui kazi nyingine, na mtu wa miaka arobaini na tatu haanzi kujifunza kunyoa watu vichwa. Kwamba yeye angemwambia nini dada yake, ikiwa kumwambia ni sawa na kuandikwa kwenye ripoti? Alisema na mengine, na Daktari wa Samaki hakuona hata moja la kumlaumu. Alimhurumia mpaka kifua kikamuuma. Chini yao Chiriku alinyoosha kidole majini: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akasita. Akaanza tena kutoka mmoja.

"Samaki umewabadilisha," alisema dada mtu. "Na huyu utambadilisha na nani?"

Wifi aliweka mwiko chini, akamnyanyua mtoto na kumkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Kaka mtu alikitazama kile kipande cha risasi, akakiweka juu ya ukuta wa kisima. Kisha akachukua kisu, akaikata kamba ya ndoo, ndoo ikaangukia huko ndani. Ilichukua muda kabla hawajaisikia ikigonga maji.

Alirudi, akakaa juu ya betri moja, akasema kesho asubuhi mtoto apelekwe akapimwe damu, na wao wote wapimwe. Halafu akanyoosha mkono.

"Najua unatembea na karatasi. Itoe unisomee."

Akamsomea mstari kwa mstari, huku akijaza. Walipofika kwenye mstari wa jina la mwenye eneo, kalamu ikamgoma, maana jina la mwisho lilikuwa la baba yao, lake pia. Kaka mtu akasogea karibu. Akalitaja herufi moja moja, polepole, kama alivyomfundisha kuliandika akiwa na miaka saba, akingoja kila herufi ikamilike ndipo ataje inayofuata.