Mikono ya Ilaya

Mwalimu Sion alilisoma jina la Rais kwa sauti, akaigeuza karatasi ili walio madirishani waione, na Mwalimu Nene akachora mstari mmoja ubaoni. Karatasi iliyofuata aliishika kwa muda kidogo. Herufi zake zilikuwa nene, zimelalia kushoto, na aliyeziandika alimsumbua mwaka mzima darasa la nne kwa uvivu wa kufunga mduara wa herufi a. Leo ameufunga vizuri. Mwalimu akalisoma jina la yule mama aliyekuwa akishindana na Rais, na Nene akachora mstari upande wa pili.

Siku hizo mpiga kura aliandika jina la anayemtaka kwa mkono wake mwenyewe. Kura ilikuwa siri, lakini Sion alikuwa amefundisha shule hiyo hiyo miaka ishirini na sita, na nusu ya Ilaya ilijifunza kuandika mbele ya macho yake. Alijua nani kaandika nini. Hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake.

Ilipotimu saa kumi alasiri, mafungu ya mistari mitano mitano upande wa yule mama yalikuwa yameshapita ya Rais. Ndipo Kapteni Ponso, mkuu wa kijiji, alipoingia na bahasha ya kaki kwapani. Sion ndiye aliyemshikia mtoto wake wa kwanza siku ya ubatizo, na tangu hapo yeye akamwita Sion Kumare, na Sion akamwita Kumpare, kama ndugu. Kapteni aliinama, akaongea kwa sauti ya chini. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya matokeo iliyokwisha kujazwa: Rais mia tatu themanini na nane, yule mama thelathini na moja. Kilichokosekana ni sahihi ya msimamizi na dole gumba lake.

"Weka sahihi tu, Kumare, watu wakale. Hesabu wameshaifanya huko juu."

"Huko juu hawajaliona sanduku langu."

"Umebakiza miaka minne ustaafu. Unataka kuitupa? Na unajua kukataa kulimpeleka nani wapi."

Alijua. Chumba walichokuwa wakihesabia kilikuwa cha mtu huyo.

Miaka kumi na tatu nyuma, muda wa Rais ulikuwa unakwisha na hakutaka kuondoka. Badala ya masanduku ya kura, vijiji viliambiwa vikutane na kupiga kura kwa mikono. Mwaka ule mafuriko yalikuwa yamekula mpunga wetu. Kapteni alipanda juu ya benchi uwanjani, magunia yamepangwa pembeni yake, akauliza: nani anataka mchele wa serikali? Nyosheni mikono. Tulinyosha. Kina mama walinyosha miwili miwili, na watoto wakabebwa mabegani ili na wao wanyoshe. Mpigapicha kutoka mjini akapiga picha. Sion, aliyekuwa katibu, alihesabu mikono akaandika mia nne na kumi na mbili kwa mwandiko wake mzuri. Baadaye tu ndipo mstari wa juu ulipojazwa: wananchi wa Ilaya wamekubali Rais aendelee kutawala bila uchaguzi. Tulipojua, tulicheka. Mchele tulikuwa tumeshaula.

Nisiseme tulidanganywa tu. Kila jioni redio ilitueleza kwamba umaskini wetu una wenyewe: waasi wekundu wa milimani, na wanaowalisha. Chungu kikiwa kitupu, kupewa mtu wa kumchukia kunashibisha kidogo. Wezi walipungua, barabara zikafagiliwa, na sisi tukapenda. Efren Katigbak peke yake, mwalimu wa darasa la sita, ndiye aliyeuacha mkono wake chini na kuomba aonyeshwe ile karatasi. Wiki ya tatu gari la jeshi likamfuata, na hakurudi. Tukasema hawezi kuchukuliwa bure, lazima ana lake. Sion naye alisema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya walimu wenzake, na Jumatatu akahamia kwenye darasa la Efren, lile lenye madirisha makubwa. Mke wa Efren, Pasing, akabaki akiuza vitumbua vya mchele vilivyofungwa kwa majani ya mgomba pale getini. Sion alinunua viwili kila asubuhi, miaka yote hiyo, bila kumtazama usoni. Aibu ilimla, na alijua kwamba vitumbua haviilipi.

Sasa Sion akafunika kalamu yake.

"Nilishakuandikia namba moja, Kumpare," alisema. "Ile ya mchele. Hii siandiki."

Kapteni alicheka kwa ajili ya walio nje, kisha akawageukia. Alikuwa hodari wa umati. Aliwaambia mwalimu wao amechoka, gari la jeshi liko njiani kuja kuchukua sanduku, na yeye hataki mtoto wa mtu aumie.

"Basi nawauliza, ndugu zangu. Nani anataka kurudi nyumbani salama? Nyosheni mikono."

Madirisha yalikuwa yamejaa vichwa. Mikono ilikuwa kwenye nondo, mifukoni, mabegani mwa watoto. Nzi alitua puani mwa Mzee Doro, na Mzee Doro, mtu asiyevumilia hata mbu, alimwacha atembee mpaka kwenye paji la uso.

"Nimeuliza nani anataka kurudi salama."

"Tumekusikia, Kapteni," alisema Pasing, kikapu kikiwa kiunoni. "Mara ya kwanza pia tulikusikia." Kisha akamgeukia Sion. "Endelea, Mwalimu."

Kwa miaka kumi na tatu hawakuwahi kuambiana neno lisilo la vitumbua. Sion akachukua karatasi iliyofuata.

Aliutambua mwandiko kabla ya kulisoma jina. Alikuwa amenakili barua na taarifa zake tangu enzi za mchele: kalamu inayogandamizwa mpaka karatasi inataka kutoboka, na herufi za mwisho zenye mikia iliyopinda kama ndoana. Ulikuwa mwandiko wa Kapteni Ponso. Jina lililoandikwa ni la yule mama.

Akainua macho. Kapteni alikuwa ameshaiona ni karatasi ipi, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Neno moja la Sion lingemmaliza, kwa wanajeshi na kwa kijiji pia. Alitamani kulisema. Alimkumbuka Efren akiomba kuonyeshwa karatasi, na Kapteni akiikunja na kuitia mfukoni, na yeye mwenyewe pembeni, kalamu mkononi, kimya.

Akalisoma jina kwa sauti ile ile aliyosomea mengine yote, akaigeuza karatasi kuelekea madirishani, akaiweka juu ya zile nyingine. Nene akachora mstari wa tano, ule unaokata minne.

Ngurumo ya gari ilisikika kwenye daraja la mbao. Hakuna aliyeondoka dirishani, na walio nyuma wakasogea mbele. Kapteni aliutazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti kimoja cha wanafunzi, akakaa, magoti yakamfika karibu na kidevu, na ile bahasha akaikalia.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

"Sitini na mbili."

"Basi soma upesi, Kumare."

Sion akalowesha kidole, akaifungua inayofuata.