Vidonge vya Magoti

Kalunde alipomwona mumewe akisukuma kando sahani ya muthokoi kwa mara ya tatu wiki hiyo, moyo ulimuuma. Miaka thelathini na minne amempikia Erastus mahindi na maharagwe yake hapo Masii, na mzee hajawahi kubakiza hata punje.

"Chakula changu kimekuwa kibaya, Baba Mutindi?"

"Sina njaa tu," alijibu, akarudi kwenye mawe yake. Alikuwa akimjengea jiko jipya, maana la zamani lilivuja kila mvua iliponyesha.

Jumamosi asubuhi mkewe alimkuta ameegemea ukuta, jasho likimtiririka, mkono umebana chembe cha moyo. Kalunde hakubishana naye. Alimpeleka kliniki.

Daktari Kasyoka, binti mpole, alimwuliza habari za choo. Erastus akamwangalia mkewe kwa aibu.

"Ni cheusi. Kama lami."

"Na kuna dawa unatumia?"

Akatoa mfukoni vidonge vya maumivu. Kwa miezi miwili alikuwa akimeza viwili kila alfajiri, tumbo tupu, ili magoti yamruhusu kubeba mawe.

"Mzee, tumbo hutengeneza asidi kali, pamoja na kimeng'enya kinachoitwa pepsini, cha kuvunjavunja nyama unayokula," Kasyoka alieleza. "Lakini tumbo nalo ni nyama. Halijili kwa sababu ndani limefunikwa na ute. Hivi vidonge vimepunguza ule ute, na sasa asidi na pepsini zinalila tumbo lenyewe. Nadhani uko na kidonda, na kinatoa damu. Leo hii uende hospitali kubwa."

Wakiwa kwenye benchi wakingoja gari, Kalunde alisema polepole, "Mimi nilifikiri umenichoka."

"Nikuchoke? Nilitaka upike mahali pakavu."

Kalunde akacheka huku machozi yakimtoka, akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yao.

Erastus alilazwa siku nne mjini Machakos, akarudi na dawa ya wiki nane ya kupunguza asidi. Vile vidonge vya magoti akakatazwa kabisa. Damu ilikoma, maumivu yakaisha. Paa la jiko jipya liliezekwa na jirani yao Ndunda, mzee akitoa amri kutoka kitini, mkewe akimkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto.

"Taratibu, Mama Mutindi, unanichoma!"

"Nyamaza. Ungesema mapema, ningekukanda tangu Machi."