Pipa Lisilo na Onyo

Asubuhi moja ya kiangazi, mama Charlotte Bilonda alikuwa nyuma ya nyumba yake ya Kapata, mtaa mmoja wa mji wa Kolwezi, akitengeneza mikate, ile ya duara ya kukaanga ambayo wachimbaji hupenda kula kabla ya kushuka mashimoni. Alinyoosha mkono kuchukua yai kwenye trei, akaliona limebandikwa karatasi ndogo nyeupe. Karatasi ilisema kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiswahili cha redioni ambacho hakuna mtu wa Kapata anayekizungumza: ONYO. BIDHAA HII INA YAI. Mama Charlotte aliisoma mara mbili, kwa kuwa miwani yake imebaki na kioo upande mmoja tu, kisha akalipasua yai kwenye bakuli. Kweli lilikuwa na yai.

Kufika wakati wa bukari ya mchana, ugali wa huko, lebo zilikuwa zimeenea jikoni kote. Mfuko wa chumvi ulisema: INA CHUMVI. Kisu kilisema: HUKATA. Samaki wa bitoyo, wale wa kukaushwa kwa chumvi, ambao harufu yao hutangulia kufika kwa jirani, walibandikwa: HUENDA IKAWA NA SAMAKI. Lebo ya pilipili ilisema USIGUSE MACHO, na mama Charlotte aliisoma kwa jicho moja kwa sababu lile lingine alikuwa ameshaligusa. Sufuria ya mafuta ilipata lebo pana kuliko zote: MAFUTA YA MOTO NI YA MOTO. Mkono wake wa kushoto, wenye makovu ya miaka mingi ya kukaanga, haukuwa na la kubisha.

Mwiko wa bukari ulisema: SI WA KUMPIGIA MUME. Mumewe, Edouard Tshilombo, aliugeuzageuza mwiko huo kwa makini.

"Mama Hénock, hii ni weye uliandika?"

"Mi sikuandika. Ilikuya yenyewe."

"Bon. Sasa uifwate."

Hénock ni mtoto wao, anayechimba kobalti huko Fungurume na kuonekana nyumbani kwa nadra.

Wateja hawakushangaa. Kapata ni mtaa uliojengwa kwa safu na kampuni ya zamani, nyumba zote sawasawa, kila mlango na namba yake, ili mfanyakazi akirudi amelewa asiingie kwa mke wa mwenzake. Watu wa hapo wamezoea kuandikiwa. Walikula, wakasoma, wakashindana kusoma kwa sauti. Mchimbaji mmoja aliinua sahani yake akaomba aongezewe "ile ya kuandikwa moto," akaongezewa, akaungua ulimi, akakubali kwamba alikuwa ameambiwa.

Mama Charlotte alijua lebo zilikotoka. Edouard alikuwa fundi wa kampuni ya zamani, na tangu ilipomsahau anafanya biashara ya mapipa. Huyapata nyuma ya kiwanda kimoja cha madini, mapipa ya buluu ya plastiki yaliyoletwa yamejaa dawa za kuyeyushia mawe na kutupwa yakiwa matupu. Kila pipa huja na karatasi kubwa ubavuni: fuvu la kichwa, mkono unaoliwa na tone, samaki aliyelala chali. Karatasi hiyo huharibu biashara. Mteja hapendi kuweka maji yake ya kunywa chini ya fuvu. Kwa hiyo Edouard huilowesha, huikwangua kwa kisu cha jikoni mpaka pipa ling'ae, kisha hulisugua kwa mchanga na sabuni ya unga na kulipeleka sokoni. Ana mkono mwepesi kwa kazi hiyo na watu wanamsifu.

Vipande vya karatasi vikikauka huwaka vizuri kuliko gazeti. Mama Charlotte alikuwa akiviwashia babula, jiko lake la makaa, na moshi wake ulipita juu ya vyakula kila siku. Onyo ukilichoma halifi. Lilikuwa limeandikwa ili likae juu ya kitu, na likikosa kitu chake linakaa juu ya kingine. Jambo hilo halikumsumbua kichwa hata kidogo.

Kilichomsumbua ni pipa la nyumbani. Lilisimama pembeni ya jiko, kwenye kivuli, lile zuri kuliko yote aliyowahi kuyapata Edouard, na ndani yake yalikaa maji ya kupikia na kunywa, yaliyoletwa kwa mkokoteni tangu bomba la kampuni lilipokauka. Glodie, mke wa Hénock, alikuwa mja mzito na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mimba yake ya kwanza ilitoka kabla ya wakati, ikazikwa bila jina nyuma ya kanisa. Hii ya pili ilimpa kiu isiyo ya kawaida. Aliketi kando ya pipa kutwa nzima na kikombe chake cha bati.

"Mayi iko na ladha sawa ya ufunguo," alisema. "Lakini iko baridi."

Mama Charlotte aliogopa. Aliogopa kila kikombe, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alilizunguka pipa lile akitafuta lebo. Alisema moyoni kwamba zikishaenea kwenye chumvi na vitunguu zitafika tu na hapo, na zikifika, hata Edouard ataona. Lebo zilifika kwenye ufagio. Zilifika kwenye jogoo, aliyeandikwa HUTOA SAUTI. Pipa lilibaki safi.

Mwishowe alimwambia mumewe alimwage maji yale na kulitupa pipa. Edouard alifikiri, kwa kuwa ni mtu wa kufikiri, kisha akaonyesha jiko lote kwa kidole.

"Angalia. Kisu iko na etikete. Chumvi iko na etikete. Hata jogoo iko na etikete. Ni pipa tu haina. Kama ingekuwa mubaya, si ingeandikwa?"

"Iliandikwa! Ni weye ulikwangula!"

"Voilà," alisema Edouard bila kukasirika. "Njo maana haina."

Hoja hiyo ilipendwa sana mtaani. Kuanzia kanisani mpaka kwenye pampu iliyokauka kila nyumba iliweka maji yake katika pipa la Edouard, na watu waliona faraja kwamba katika mji wenye maonyo mengi hivyo kulikuwa na kitu kimoja kisicho na lawama. Kwa hiyo kumpeleka Glodie anywe kwa jirani hakukuwa na maana. Mama Charlotte alijaribu kumnunulia maji ya mifuko ya plastiki, yale ya kung'ata kona. Kila mfuko ulifika na lebo yake, INA MAJI, HULOWESHA, na Glodie akasema hataki kunywa kitu chenye onyo wakati ana mtoto tumboni. Aliyarudia ya pipa.

Siku moja mama Charlotte alilisukuma pipa kwa hasira, likaanguka, maji yakatapakaa uani. Majirani walikuja mbio wakidhani ni ajali. Watu wema, walichota kwenye mapipa yao na kulijaza tena kabla ya jua la mchana, na Glodie mwenyewe alibeba ndoo ya mwisho juu ya tumbo lake. Mama Charlotte aliwashukuru. Alikuwa na hasira ya kutaka kuwauma.

Habari za jiko zilifika kiwandani, na kiwanda kikamtuma Godefroid, afisa wa usalama, aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa na kofia ngumu. Alisoma jiko lote kuanzia mlangoni, taratibu, akitabasamu kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Alisema kiwandani wamehangaika miaka mingi kuwafundisha watu usalama bila kufika hapo. Alikula bitoyo, akaisoma lebo yake, akathibitisha kwamba kulikuwa na samaki.

Mama Charlotte alimpeleka kwenye pipa.

"Tata Godefroid, hii ilitoka kwenu. Zamani ilikuwa na kitu gani ndani?"

Godefroid alilizunguka. Alilipiga kwa kidole, akachuchumaa akatazama chini yake, kwa kuwa ni mtu anayeifanya kazi yake.

"Mama, mi kazi yangu ni kusoma," alisema. "Apa haiko kitu ya kusoma."

Wiki iliyofuata kiwanda kilileta zawadi kwa jiko salama kuliko yote Kolwezi: kofia ngumu ya kuvaa wakati wa kumenya vitunguu, na pipa jipya la buluu. Karatasi ilikuwa imeshabanduliwa huko huko kiwandani, ili asipate usumbufu. Edouard aliguswa mno na heshima hiyo.

Mama Charlotte akaamua kuandika mwenyewe. Alichukua kipande cha makaa na kuandika kwenye pipa, kwa herufi kubwa, USINYWE. Asubuhi pipa lilikuwa safi, na maneno yake yalikuwa kwenye chupa ya sabuni ya vyombo, kwa mwandiko wake uleule uliolala upande wa kulia. Aliacha kuchoma vipande vya karatasi, akavizika bustanini. Lengalenga, mchicha wa huko, ikatoka ardhini ikiwa na lebo: HUENDA IKAWA NA UDONGO. Mboga ilikuwa tamu na ikanunuliwa yote.

Ndipo aliponyemelea kazi ya mumewe. Edouard alikuwa amelowesha pipa jingine huko nyuma ya kiwanda akasahau kulikwangua papo hapo, na karatasi yake ilibanduka nzima, bila kuchanika: fuvu, mkono, samaki, na chini yake maneno yote. Mama Charlotte aliikunja akaificha kifuani. Nyumbani alichukua bukari ya moto, akaikanda na maji mpaka ikawa gundi, ile ile ambayo watoto wa Kapata hugundishia karatasi za tiara zao, na akaibandika karatasi kwenye pipa la nyumbani. Aliikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka bukari ikapoa. Ilishika. Alilala akiwa na furaha, na hilo halikuwa limemtokea tangu lebo zianze.

Asubuhi haikuwepo. Pipa lilikuwa jeupe ubavuni kwa unga uliokauka, basi. Mama Charlotte alisaka jikoni kitu kwa kitu, kama anayesaka pete. Alifunua masufuria, akageuza kofia ngumu, akapekua vitunguu ganda kwa ganda. Alimvua Edouard shati akamkagua mgongo, na Edouard alikubali kukaguliwa. Karatasi yenye fuvu haikuwa mahali popote. Alikuwa bado anasaka chini ya kitanda Glodie aliposhika kiuno chake na kusema kwamba chupa ya uzazi imepasuka.

Walimpeleka kwenye zahanati ya mtaa kwa mkokoteni wa mapipa. Mama Charlotte alikaa nje kwenye benchi akimwomba Mungu kwa Kiluba, lugha anayoitumia kwa mambo mazito tu. Jua lilikuwa bado juu muuguzi Louise alipotoka na mtoto amefungwa kitenge.

"Ni mwanamuke," alisema Louise. "Iko mudogo sana, lakini anapumua. Na iko na etikete."

Akafunua kitenge. Karatasi ilikuwa tumboni, juu kidogo ya kitovu, imeshika vizuri pande zote. Fuvu, mkono unaoliwa na tone, samaki aliyelala chali. Chini yake: USITUMIE CHOMBO HIKI KWA MAJI YA KUNYWA. Ukingoni ulionekana unga mweupe wa bukari.

Mama Charlotte alilia. Alilia kwa sauti, kwa furaha kwamba mtoto ni mzima na kwa uchungu ambao hakuna aliyemuuliza ni wa nini, kwa kuwa nyanya hulia mtoto anapozaliwa.

Watu wa nyumbani walijadiliana kwa utulivu. Waluba wana majina yao kwa mapacha, na kwa anayewafuata mapacha, lakini kwa mtoto aliyekuja na lebo halikupatikana jina la tayari. Louise, aliyesoma, alisema karatasi hiyo wazi si ya mtoto, ni ya chombo fulani, na imepotea njia. Wote walikubali kwamba imepotea njia. Hakuna aliyeuliza ilikuwa ikienda wapi. Jirani mmoja alisema tu ni vizuri iondolewe mapema, kabla ya ubatizo, kwa sababu padri mpya ni mtu wa maswali.

Edouard aliitisha maji ya vuguvugu na sabuni. Aliilowesha karatasi taratibu, akasubiri, akaingiza ukucha chini ya kona, akaivuta kwa ule mkono wake mwepesi mpaka ikabanduka nzima. Hakumuumiza mtoto na hakubakisha hata gundi. Tumbo lilibaki safi, linang'aa. Watu walimsifu, akaianika karatasi dirishani ikauke, kwani babula ya zahanati ilikuwa inasumbua kuwaka.

"Mama," aliita Glodie kutoka kitandani. "Mayi."

Mama Charlotte alitazama huku na huku. Pembeni ya chumba, chini ya picha ya mama anayenyonyesha, lilisimama pipa la buluu, safi, mojawapo ya kazi nzuri za mumewe. Hapakuwa na maji mengine. Alilizunguka mara moja akitafuta lebo, mjukuu wake begani, kisha akachota.

Kikombe kilikuwa na lebo. Ilisema: HUENDA KIKAMWAGIKA. SHIKA KWA MIKONO MIWILI.

Alimrudishia Louise mtoto, akakishika kwa mikono miwili, akampelekea Glodie bila kumwaga hata tone.