Saa ya Mugure Ndani ya Sufuria

Wiki hiyo nzima Wariara alikuwa anapika saa. Ndivyo alivyosema Tabby, mke wa mwanawe, na hakukosea sana. Ukiingia jikoni kwa yule mama pale Bahati, ungekuta sufuria kubwa mezani, ndani yake simu inalia tii-tii-tii bila kupumzika, na juu ya simu imelazwa saa ya mkono.

Saa yenyewe ilitoka Ujerumani. Mugure, kitinda mimba wake, anauguza wazee huko, na aliituma na mtu aliyekuwa anakuja nyumbani. "Mami, hiyo hujirekebisha yenyewe," alimwambia kwa simu. "Kuna mnara huku unatoa mawimbi ya redio, saa inayashika. Haikosei hata sekunde." Wariara, ambaye mdomo wake haujui lango, akayatangaza maneno hayo kanisani kabla hata hajabandua plastiki.

Ole wake. Saa ilikuwa imelala gizani kwa begi siku nyingi, na betri yake, inayokula mwanga wa jua, ikazimia mpaka ilipotolewa nje. Dukani kwa Mzee Mbugua redio ilipopiga zile tii za kabla ya habari ya saa saba, saa ya Mugure ilikuwa bado inajikokota huko nyuma. Mzee Mbugua alicheka mpaka akashikilia kaunta.

"Mama Mugure, hii ni feki. Huyo msichana amekuletea mchezo. Ama hata yeye mwenyewe huko si kama tunavyoambiwa."

Saa kuchekwa, hilo angelimeza. Lakini Mugure, aliyesomea uuguzi hapo Nakuru akilalia chai ya rangi, leo asemwe anaishi kwa uongo ugenini? Moyo ulimchoma Wariara, na mbele ya wateja wote akasema, "Jumamosi narudi nayo. Tutasikiza habari ya saa saba pamoja. Ikikosea, sitataja Ujerumani tena katika hii Bahati."

Kumbe mnara haufiki Kenya. Mugure alipoulizwa, na kuambiwa yaliyosemwa dukani, alijipiga paji la uso, akatuma app. "Mami, hii inaiga ule mnara, spika ya simu ikilia inatoa mawimbi kama yake. Inaidanganya saa kwamba iko huku."

"Kwa hivyo tunadanganya?"

"Tunaidanganya mahali, hatuidanganyi wakati; nimeiwekea saa za Kenya. Weka sauti juu kabisa, laza saa juu ya simu, halafu uache."

Sauti juu kabisa. Sasa, nani katika Rift Valley nzima hajui sauti ya simu inapandishwa vipi? Unaitumbukiza kwa sufuria. Hivyo ndivyo Wariara husikiliza mahubiri akichambua maharagwe, na hivyo ndivyo kwaya yao hufanya mazoezi spika ikigoma. Akateremsha sufuria kubwa kuliko zote. Simu ikaimba humo ndani hata kuku wakahama mlangoni. Mshale wa sekunde ukazunguka, ukazunguka, ukasimama kwenye herufi N pembeni mwa uso wa saa. N ya no, yaani haijashika mawimbi. Kesho yake N. Siku iliyofuata aliongeza mfuniko, na bado N. Mugure akachanganyikiwa kabisa, maana angejuaje? Alichoambiwa ni kwamba sauti iko juu kama alivyosema.

"Si uiweke tu na mkono, Mami?" Tabby aliuliza. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Jumamosi ikafika, vibarua wako shambani wanachimba viazi, na N bado ni N. Tabby akaingia amekunja uso.

"Mami, watu wana njaa, na sufuria ya ugali umepikia saa."

Wariara akataka kubishana, lakini mwenye njaa habishwi. Tabby akachota simu na saa kwa mkupuo mmoja, akazitupia ndani ya kiondo kilichokuwa kitini, juu ya uzi wa kufuma. Simu iliendelea kulia humo kwa sauti ya mgonjwa. Wariara akaketi, amechoka roho. Alikaa hapo mpaka maji ya ugali yakachemka, akiwaza jinsi atakavyomwambia mtoto wake kwamba ameshindwa. Mwisho akainama achukue simu ampigie.

Mishale ilikuwa inatembea. Yote mitatu, yenyewe, inakimbia kutafuta mahali pake.

"Tabby," akanong'ona. "Tabby, kuja. Usiguse. Usipumue."

Mshale wa sekunde ukapumzika kidogo kwenye Y, Y ya yes, kisha ukaanza safari yake. Tabby alikuja na mwiko na bakuli la unga mkononi, na wawili hao wakakumbatiana hapo hapo, unga ukamwagika. Chuma ndicho kilichokuwa kinazuia mawimbi siku zote hizo, Mugure angewaeleza baadaye. Kwa sasa Wariara hakutaka maelezo. Alitaka bodaboda.

Duka lilikuwa limejaa. Mzee Mbugua alivaa miwani, akaongeza sauti ya redio, akainamia saa kama mtu anayekagua noti. Tii zikaanza. Ile ya mwisho ilipolia, mshale wa sekunde uligonga kumi na mbili juu kabisa, pamoja nayo, na mtu mmoja nyuma akasema, "Haki ya Mungu."

Mzee Mbugua akavua miwani. "Ni ya kweli," akasema.

"Usiniambie mimi."

Wariara akampigia Mugure, akaenda kwa rafu, akashusha sufuria mpya na kuitia simu ndani ili duka zima lisikie. Mzee akaiinamia.

"Mugure, ni mimi Mbugua. Nilikusema vibaya hapa mbele ya watu. Saa yako ni ya kweli, na wewe ni wa kweli."

Sufuria ikapenga kamasi. Kisha sauti ikatoka, ndogo, ya mtu aliyelia. "Asante, Mzee. Nimesimama hapa kwa korido, nimeacha wagonjwa, nangoja kujua kama bado nina jina huko nyumbani."

"Unalo," akasema Wariara, na kichwa chake karibu kiingie ndani ya sufuria. "Unalo, mama. Sasa rudi kazini, usichelewe."