Sebule Iliyomeza Chumba cha Leonisa

Leonisa alikuwa jikoni akimenya vitunguu saumu nyundo ya kwanza ilipogonga ukuta wa chumba chake. Hakuwa ameambiwa kwamba ni leo. Miaka kumi na saba alikuwa amelala katika chumba kile kidogo nyuma ya jiko, nyumbani kwa mwajiri wake, Bi Amparo, mjini Iloilo. Alikimbia akaokoa godoro, sanduku la nguo na picha ya marehemu mama yake. Shuka lilikuwa limeshajaa vumbi la saruji.

Fundi alishusha nyundo. "Samahani, mama. Mimi nimeambiwa ni stoo."

Bi Amparo alimweleza bila ukali. Binti yake, Jovelyn, alikuwa anakuja Jumapili kutoka Kanada pamoja na mchumba wake, na ile sebule ya zamani ya viti vya mbao ilikuwa inatia aibu. Sebule, jiko na meza ya chakula vitakuwa ukumbi mmoja mpana, ili wageni wapate kula, kuimba na kucheza. Leonisa atalala kwa muda kwenye kibaraza cha kufulia, pale penye paa la bati.

"Kwa muda gani, madam?"

"Nisa, tusianze. Kwani wewe si mtu wa humu humu ndani?"

Alasiri hiyo alikwenda ofisi ya mtaa. Alipanga foleni hadi miguu ikafa ganzi. Karani, Delfin, alimsikiliza huku akila tambi za kukaanga. Alikiri kwamba sheria inataka mfanyakazi wa ndani apewe mahali pa staha pa kulala. Je, pana paa? Lipo. Mlango? Hakuna. Kuta? Mbili. Akaanza kuandika, kisha akauliza nyumba ni ya nani. Aliposikia jina, aliikunja ile karatasi. Jumapili yeye mwenyewe alikuwa amealikwa huko.

"Rudi nyumbani, dada," alisema. "Kwa umri huo, nani mwingine atakuchukua?"

Mvua ilinyesha wiki nzima. Kila asubuhi Leonisa alianika godoro lake, na kufikia Ijumaa alikuwa anakohoa.

Jumapili mchana ukumbi uling'aa. Vigae vyeupe, sofa ya kijivu, taa zilizofichwa darini. Delfin alikuwa kwenye sofa, kipaza sauti mkononi, akiimba wimbo wa mapenzi. Leonisa alipita na sinia la nyama ya nguruwe. Jovelyn akamkumbatia, akamwambia amemletea zawadi, waipeleke chumbani kwake. Mama yake alimwambia Leonisa amejengewa chumba kipya, kiko wapi?

Bi Amparo aliita kutoka upande wa pili kwamba barafu imekwisha.

"Kitanda changu kilikuwa pale alipokaa karani," Leonisa alisema. "Ulipokuwa na homa utotoni, tulikilalia mimi na wewe. Sasa nalala nje, kwenye kibaraza cha kufulia. Twende ukaone."

Delfin aliacha kuimba. Muziki uliendelea peke yake. Jovelyn alimtazama mama yake, akamtazama mchumba wake.

"Baadaye, Nisa," alisema polepole. "Wageni wapo."

Leonisa aliweka sinia mezani. Akafuta mikono kwenye aproni, akavuka vigae vyeupe, akaketi kwenye sofa, akaegemea.

Delfin akasogea kidogo, akampisha.