Mikono Miwili ya Kushoto

Bi Kola alishona kola. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu msichana mpaka bibi, katika kiwanda cha sare za shule, kwenye cherehani ile ile karibu na dirisha lisilofunguka. Msidhani alishona mashati. Shati zima hakuwahi kulishona hata moja. Kitambaa kilimjia kutoka kushoto, akakigeuza, akakipiga mstari, akakisukuma kulia, basi. Ungemwomba akushonee shati kamili angekutazama kama mtu aliyeombwa kutengeneza ndege.

Aliyekaa kulia kwake alishona mikono. Jina lake halisi alilijua karani wa mishahara tu. Wengine wote walimwita Bi Mikono, naye akavimba kichwa kwa jina hilo, na alikuwa na haki ya kuvimba. Mkono wa nguo ni kazi, jamani! Kola unailaza mezani, imetulia, haina kulia wala kushoto. Mkono lazima uinuke begani, uzunguke kwapani, ujipinde kiwikoni, tena usimkabe mwenye nguo anapoinua ndoo. Cherehani za kiwanda kile zilipiga kelele za kukutoa roho, kwa hiyo wanawake walisemezana kwa vidole. Ishara iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa ukucha unaopitishwa juu ya mshono, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Maana yake: umeharibu, fumua. Bi Mikono alipenda kumpitishia mwenzake ukucha huo kwenye kola safi kabisa, ili amwone anavyoshtuka.

Walistaafishwa pamoja. Siku za kwanza walikaa kila mmoja kwake wakitazama kuta, halafu Bi Mikono akaja na kitambaa cha pazia begani, kina majani makubwa kama ya mgomba. Akasema wamewavisha watoto wa watu buluu na kijivu maisha yao yote, sasa watajivisha wenyewe, na watajivisha nguo za kuudhi watu.

Wakaudhi kweli. Kiwiliwili cha gauni alikishona yeyote kati yao, maana ni mishono ya kunyooka. Kola ilikuwa ya mmoja, ikasimama mpaka chini ya masikio. Mikono ilikuwa ya mwingine, imejaa begani, imebana kwenye kifundo, ina vifungo ambavyo kila kimoja kilitoka kwenye koti la marehemu tofauti. Walipopita mtaani wakiwa na magauni ya pazia, fundi viatu aliuliza harusi iko wapi. Bi Mikono akamjibu kwamba harusi ndiyo hii inapita, na yeye hakualikwa. Binti yake Bi Mikono, anayefanya kazi benki, alimsihi mama asije kumtembelea kazini amevaa vile. Mama akapanda basi kesho yake, akaenda na mikono mipana zaidi. Bi Kola alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajawahi kutazamwa namna ile, hata alipokuwa mbichi, na aliifurahia kama mtoto.

Jambo moja hawakulifanya: kufundishana. Kiwandani msimamizi alikataza mtu kugusa kazi ya jirani, na mtaani wakaendelea hivyo hivyo kwa utani. Bi Mikono alisema, "Nikikufundisha mikono utakuja kwangu kufanya nini?" Naye Bi Kola alikuwa akificha kola yake kwa kiganja kila mwenzake alipochungulia. Wakati mmoja, wakijipima makoti mbele ya kioo, Bi Mikono alishika mabega ya rafiki yake akasema, "Siku nikishindwa kujivisha, usiwaache wanivishe gunia. Nivishe chetu." Bi Kola akaahidi, huku mdomo umejaa pini.

Kiharusi kilimkuta Bi Mikono amekaa kitandani akivaa viatu. Kikachukua upande wote wa kulia, na kikachukua na maneno. Aliporudishwa kutoka hospitali, Bi Kola alimkuta amelala chali, amevaa fulana ya tangazo la rangi za nyumba. Na mikono ya fulana ile ilikuwa imekatwa kwa mkasi, imeachwa na nyuzi zinaning'inia, ili iwe rahisi kumvisha. Mwanamke aliyewashonea mikono watoto wa nchi nzima! Bi Kola alitoka nje akasimama ukutani akalia. Binti hakuwa na roho mbaya. Alieleza kwamba amejaribu yale magauni yao, lakini yamebana kifundoni na yanafungwa mgongoni, na mkono uliokufa hauingii. Akaongeza kwamba Jumamosi inayofuata anamhamishia mama kwake, mji wa mbali, kwa sababu hawezi kuacha kazi.

Basi Bi Kola akapiga moyo konde. Atashona gauni moja, la kufungwa mbele kutoka shingoni mpaka chini, lenye mkono wa kupitisha mkono mzito, na mwenzake ataondoka mtaani amevaa chao. Fundi wa duka la pembeni alimwambia amletee kitambaa cha mikono tu, atamkatia na kumpachikia upesi. Alikataa. Aliona kama kumleta mtu wa tatu kitandani. Kiburi kile, ole wake, kilikuwa kinanukia mapenzi, ndiyo maana hakukitambua.

Walikuwa na kitambaa kimoja walichonunua pamoja na bado hakijaguswa, cha rangi ya machungwa, kina ndege weusi wanaoruka wote kuelekea juu. Kola aliimaliza bila hata kufikiri. Kiwiliwili kikafuata. Halafu akafika kwenye mikono, akakwama. Hakuwa na kipimo wala karatasi. Bi Mikono alikata kwa jicho. Mwishowe Bi Kola alitoa kabatini gauni lake la pazia, akachukua wembe na kufumua mkono wake wa kushoto, ule ulio karibu na dirisha alipokaa. Akaulaza juu ya kitambaa kipya, akahakikisha ndege wanaruka kwenda juu, akauzungushia chaki akipanua kifundoni, akakata. Kisha akausogeza pembeni, akahakikisha tena ndege wanaruka kwenda juu, akazungushia chaki, akakata wa pili.

Ndege walikaa vizuri ajabu. Mkono wa kushoto uliingia kwapani kwa shida kidogo. Wa kulia uligoma. Ulivuta, ukajikunja, ukakataa kukutana na mshono wa ubavu. Bi Kola alidhani ni ugeni wa vidole vyake, akajikaza kisabuni, akapunguza hapa, akalazimisha pale, akapiga cherehani juu ya mikunjo. Alipolitundika gauni ukutani aliona linapendeza, naye akaona ameitimiza ahadi yake. Alilala usingizi wa mtu aliyelipa.

Jumamosi gari lilikuwa mlangoni, dereva anachezea funguo. Binti alipoliona gauni alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ni zuri. Wakamwinua Bi Mikono, wakamvisha. Mkono wa kushoto, ulio hai, ulipita. Kola ilimkaa shingoni barabara, ikamrudishia uso wake. Kwa kitambo alikuwa yule yule wa kumjibu fundi viatu. Kisha wakasukuma mkono wa kulia. Uliingia, lakini gauni lote likajivuta kuelekea kwapani, kifua kikaenda upande, na mpindo wa kiwiko ukageukia mbele badala ya nyuma.

Bi Kola aliona sasa. Aliona vile mtu anavyoona gari ambalo tayari limemgonga. Alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto. Maisha yote alishona kitu kisicho na kulia wala kushoto, na haikumjia kichwani kwamba mkono una ndugu yake wa upande wa pili. Mwanafunzi wa siku ya kwanza angejua.

Bi Mikono naye alijua. Alishusha macho, akauvusha mkono wake mzima mpaka kwenye bega bovu, akatafuta mshono kwa kidole. Akaupata. Akapitisha ukucha juu yake, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akamtazama rafiki yake, na hakuwa anatania.

"Anasema nini, mama mdogo?" binti aliuliza.

Chumbani walikuwa watatu, na mmoja tu ndiye aliyeweza kujibu. Mshono ule ulihitaji wembe na dakika chache. Angetoa mkono ule, wangefunga bega kwa shali, na safari ingeendelea. Lakini angelazimika kusema mbele ya mtoto huyu aliyesoma, aliyewahi kuwaonea aibu, kwamba hajui kushona. Bi Kola alihisi joto likimpanda mpaka kwenye kola yake.

"Anasema limemkaa," alijibu.

Binti akatabasamu, akamvisha mama sweta juu ili asipate baridi njiani, na sweta likafunika kila kitu. Bi Mikono alipitisha ukucha tena, sasa juu ya sufu ya sweta. Wakambeba. Gari lilipoondoka, uso wake kwenye kioo ulikuwa bado umemgeukia Bi Kola, naye Bi Kola alipunga mkono kama mtu anayeaga mgeni wa kawaida.

Hakukaa chini. Alifika kwake, akafumua na mkono wa kulia wa gauni la pazia, akaulaza juu ya kipande cha machungwa kilichobaki, akakata. Safari hii uliinuka begani wenyewe na kujipinda kiwikoni wenyewe. Aliushona kwa muda mfupi usioaminika. Alikuwa amejua mikono, hatimaye, akiwa peke yake. Akasubiri mpaka alipodhani wamefika, akapiga simu, akasema wamtumie gauni kwa basi, kuna kitu kidogo cha kurekebisha, atalirudisha upesi.

Binti alisema wasingeweza. Njiani mama alianza kutoka jasho na kuguna, nao wakadhani ni uchovu wa safari. Walipomvua sweta mkono ulikuwa umevimba na umebadilika rangi. Wakakimbilia zahanati ya barabarani.

"Lilikuwa limembana kwapani kidogo," alisema, akichagua maneno kwa heshima. "Muuguzi alilazimika kulikata. Alianzia kwenye kola, ndiyo iliyokuwa ngumu. Usijali, mama mdogo. Amelala. Ameshavishwa kitu chepesi."

Bi Kola aliuliza mkono unaendeleaje. Binti akasema hawajui bado, daktari atawaambia. Kisha akamshukuru tena kwa kujisumbua, na shukrani ile ndiyo iliyommaliza kabisa. Hakumwambia ukweli. Simu ikakatika.

Alivaa gauni la pazia kama lilivyokuwa, bila mikono, mabega wazi na nyuzi zikimning'inia kama kwenye ile fulana. Akakaa mbele ya kioo. Mikono miwili aliyoshonewa na mwenzake ilikuwa mapajani, ule mmoja wa machungwa juu yake. Kola tu ndiyo ilisimama, imara, haina kasoro, mpaka chini ya masikio. Aliitazama kwa muda mrefu. Alipitisha ukucha juu ya mshono wake, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akachukua wembe, akaanza kufumua.