Tangi la Mzee Bwanali

Anastasia alishuka kwenye basi la Masasi saa nne kasoro asubuhi, stendi ya Newala, akiwa na sanda, tindo, nyundo ya kilo tano na mkate. Mkate ulikuwa wa wenyeji wake, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, hata kama wamekuulia baba.

"Chiwambala," alimwambia wa bodaboda. "Kwa Mzee Bwanali."

"Aa, kwa mzee wa maji. Panda, mama."

Tangi la Mzee Bwanali lilijengwa mwaka 1975, chini ya ardhi, la saruji, kama matangi mengine ya kukingia mvua huko juu. Matangi mengine yalikauka kila Agosti. La Bwanali halikukauka hata siku moja. Maji yake hayakuzidi wala kupungua, yalisimama usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, kwa sababu ndani mlikuwa na mtu aliyekaa. Kila aliyewahi kushuka kuokota ndoo iliyokatika kamba alimwona. Walimwamkia, wakaokota ndoo, wakapanda.

Ziada, mke wa mtoto wa Bwanali, ndiye wa kwanza kumuuliza jina. Alishuka Oktoba kufuata ndoo akamkuta kijana wa miaka thelathini na moja, shati jeupe la mikono mifupi, sanduku la mbao mapajani. Kwa sura alikuwa mdogo wake. Ziada akapiga hesabu ya miaka aliyokaa mle, akaona ni mkubwa wake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Samahani, mama, leo ni lini?"

Ziada akamwambia. Yule kijana akasema anaitwa Yeremia, ni mtu wa afya, kwao Lupaso, na ameacha binti wa miaka mitatu anayeitwa Anastasia. Ziada akapanda, akatua ndoo, akaanza kupiga simu. Wiki mbili baadaye alimpata binti. Alikuwa na miaka hamsini na tatu na wajukuu wanne, na watu walimwita Mama Emmanuel.

Anastasia alianzia kwenye ofisi inayotunza faili la baba yake. Faili lilisema Yeremia alitoroka na baiskeli ya serikali, akavuka Ruvuma. Baiskeli hiyo ilikuwa ikionekana sokoni Newala mpaka mwaka 1991.

"Hakuvuka. Yuko Chiwambala," alisema Anastasia.

"Kama amerudi, vizuri," alisema karani. "Aje mwenyewe afunge faili."

"Amekwama kwenye saruji."

"Basi alete barua ya mwenyekiti."

Ndiyo maana alinunua nyundo.

Kazi ya Yeremia ilikuwa matende. Wadudu wa matende wana tabia yao. Mchana hujificha ndani, usiku ndio hupanda kwenye damu ya juu. Ukimtoboa mtu kidole saa sita mchana hupati kitu. Kwa hiyo alitumwa kutoboa watu vidole saa nne usiku, kwa kandili, nyumba kwa nyumba, tone moja moja kwenye vioo vidogo. Aliyepanga kazi hiyo alikuwa mtaalamu wa wadudu, hakuwa mtaalamu wa watu. Lakini Chiwambala hawakumgusa. Walinung'unika kwamba ni mumiani, mnyonya damu, kisha wakatoa vidole. Alirudi mara ya pili, jioni, na majibu na vidonge, na jioni hiyo ndiyo hakuondoka.

Bwanali alimpokea Anastasia barazani. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, mwenye heshima, amekaa upande upande kwenye kiti kipana, kwa sababu busha lake lilikuwa na kiti chake kidogo pembeni, chenye mto. Wote waliokuwa barazani walitazama mahali pengine, walivyozoea.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mkate! Mungu akubariki. Wewe ni wa Yeremia. Umefanana naye kwenye paji la uso."

"Nani alimuua?"

"Mimi," alisema Bwanali. "Mchi ulikuwa wa mama. Ziada, mletee mgeni maji."

Ziada hakusogea.

"Kwa nini?" aliuliza Anastasia.

"Siku ile wakwe zangu wamekuja kuzungumza habari za posa. Tumekaa hapa hapa. Baba yako anaingia, mtu wa adabu kabisa, anaamkia wote, anasema, 'Bwanali, majibu yako yametoka, nimekuletea dawa.' Mkwe anauliza, majibu ya nini? Sasa ningesemaje, mwanangu? Niseme nina matende, kesho nitakuwa na busha, nipeni binti yenu?"

"Ukasema mumiani."

"Lilikuwa neno jepesi. Likanitoka tu. Na ukishasema mumiani, huwezi kukaa tena kwenye kiti. Nikainuka. Wakwe wakanisaidia kumbeba. Tangi tulikuwa tumemwaga sakafu asubuhi ile, bado mbichi."

"Na dawa?"

"Ziko kwenye sanduku lake, nadhani." Mzee alijigeuza kidogo, akauweka sawa mto wa kile kiti kingine. "Binti walinipa."

Anastasia akaweka mkate mezani, akachukua nyundo, akateremka ngazi ya tangi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Yeremia alimtazama huyu mama mwenye mvi. "Umekua."

"Nimezeeka, baba."

"Mama yako?"

"Alifariki Machi. Alisema tumlaze kushoto, tuache nafasi kulia."

Yeremia akaitikia kwa kichwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia juu ya maji, na kwenye ncha ya kidole cha pete, kidole kile kile alichokuwa akiwatoboa watu, maji yalikuwa yanadondoka, tone, tone, tone, safi kabisa. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa ndani ya sakafu.

Anastasia alipiga nyundo mara moja. Ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Yeremia alipouawa hakuna aliyepiga kelele za msaada. Tangi lilipigiwa. Ndani ya dakika kumi Chiwambala nzima ilikuwa pale juu, na mwenyekiti Zabroni na daftari lake.

"Mama Emmanuel, panda tuzungumze kistaarabu. Huyo ni baba yako, hatukatai. Lakini hapo alipo ni kwenye huduma ya jamii."

"Namtoa nikamzike."

"Ukimtoa, tangi limekufa. Wanawake wetu watarudi kuteremka bondeni na ndoo. Unataka hivyo, wewe mwanamke mwenzao?"

"Nataka baba yangu."

Zabroni akaitisha kura, maana ni mtu wa taratibu. Wanaokubali tangi livunjwe wanyooshe mkono. Akanyoosha Ziada. Mumewe akamwambia, "Shusha mkono, unatuaibisha mbele za watu." Hakushusha. Wanaokataa? Ikanyooka mikono, ya Waislamu na ya Wakristo, ya wazee na ya waliozaliwa juzi, mpaka mama mmoja akamnyoosha mkono hata mtoto wa mgongoni.

Anastasia aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Baba yangu alichukua tone moja moja," alisema, "akaandika jina la kila mwenye tone lake. Ninyi mmemnywa miaka hamsini kwa ndoo, na hakuna aliyemuuliza jina ila huyu mmoja. Mmepikia ugali. Mmetawadhia. Mmebatizia watoto. Halafu mumiani ni yeye?"

Fundi mmoja, Faruku, akajipenyeza mbele akachungulia tangini. Alitazama sana pale sakafu inapokutana na kiuno.

"Mama Emmanuel," alisema Zabroni, "hasira zako tumezipokea. Zitaingia kwenye muhtasari."

Nyundo wakamnyang'anya, kwa heshima, wakampa stakabadhi.

Ziada ndiye aliyeleta dumu la lita ishirini. Yeremia aliitikisa mikono yake kidogo, kama mtu anayejiandaa na kazi, akasema, "Kinga hapa." Anastasia akakinga. Lilijaa saa kumi na moja jioni. Katika saa zote hizo hawakuzungumza mengi. Yeremia aliuliza kama korosho bado zina bei, na kama bibi yake Anastasia aliwahi kulipwa yule jogoo wake. Anastasia alimjibu yote.

"Maji haya ni mkono wangu," alisema Yeremia mwishoni. "Mwambie mama yako mengine yanakuja."

Kesho yake kwenye basi konda alitaka dumu likae kwenye buti. Anastasia alilipakata mpaka Masasi, na kutoka Masasi mpaka Lupaso, amelifunga sanda. Kaburi lilichimbwa upande wa kulia wa mama yake, dogo, la kutosha dumu. Katekista akauliza jina la marehemu, akaambiwa, akasoma sala zote bila kuruka. Maji yalipomiminwa, udongo uliyameza taratibu mpaka tone la mwisho, na hayakurudi.

Alikuwa bado amepiga magoti, anasawazisha udongo kwa viganja, simu ilipoita. Ni Ziada.

"Mama Emmanuel, mmefika salama?"

"Tumefika. Tumeshamzika mkono."

"Pole sana. Na hongera." Nyuma ya Ziada kulisikika koleo likikwaruza. "Usiku wa leo wanakuja wa afya, wale wa matende. Wanapima damu tena. Ni binti mdogo tu, anaitwa Happiness, ana sanduku lake na orodha ya majina."

"Mwambie asije."

"Nimempigia. Anasema ameshapangiwa, na watu wa huku wamempokea vizuri sana. Faruku amemwambia atafikia kwake, chakula kipo." Sauti ya Ziada ikashuka. "Faruku anajenga tangi, Mama Emmanuel."

Anastasia akasimama, udongo wa kaburi ukimdondoka magotini.

"Sakafu ameshamwaga?"

"Asubuhi hii," alisema Ziada. "Bado mbichi."